Masikio ya Mheshimiwa Spika

Wananchi mliopo na msiopo, simameni! Vueni kofia, zimeni redio, acheni kutafuna. Tunayo heshima isiyopimika kumleta mbele yenu Mheshimiwa Spika wa Bunge, mlinzi wa Kanuni, mvaa joho, mtu aliyekalia kile kiti kirefu tangu enzi ambazo nusu ya wabunge wake walikuwa bado wanalowesha magodoro. Anaingia. Anaingia sasa hivi. Tuvumilie kidogo. Mheshimiwa yuko chooni, mkewe anabamiza mlango kwa viganja vyote viwili, naye hasikii.

"Baba wee! Toka, una mgeni!"

Ndani maji yalitiririka kwa utulivu wa mtu asiyeitwa na yeyote. Mkewe akafanya alichozoea kufanya. Swichi ya taa ya choo ilikuwa nje, kando ya mlango. Akaizima, akaiwasha, akaizima tena.

"Nakuja, nakuja," sauti nzito ikajibu gizani. "Mtu hawezi hata kunawa kwa amani?"

Hiyo ndiyo ilikuwa kengele ya nyumba ile. Masikio ya Spika yalikuwa yamestaafu kabla ya mwenyewe, kwanza la kushoto, kisha la kulia likamfuata mwenzake kwa mshikamano. Waliojua ni mkewe tu na daktari mmoja wa mji wa mbali aliyewauzia kifaa cha kusikia. Kifaa hicho Spika alikivaa siku moja tu, kwenye mazishi ya waziri mstaafu, kikapiga mluzi katikati ya dua hadi waombolezaji wakatazama juu wakitafuta ndege. Tangu siku hiyo kililala kwenye droo ya soksi. Watoto wao walikuwa watu wazima, waliishi mbali, na waliamini tu kwamba baba hapendi simu.

Bungeni alijimudu. Alisoma midomo vizuri kuliko wengi wanavyosoma magazeti. Mbunge akisimama kwa hasira na kupunga karatasi, Spika alimwambia, "Kaa chini, Mheshimiwa, Kanuni ziko wazi," na mara nyingi jibu hilo lilifaa. Kura ndizo hazikumpa tabu kabisa. Huko wabunge huulizwa kwa mdomo: wanaoafiki waseme ndiyo, wasioafiki waseme siyo, naye Spika husikiliza upande upi una sauti kubwa, halafu hutamka mshindi na kugonga nyundo. Tangu alipokalia kiti, hoja ya serikali haikuwahi kushindwa hata kwa bahati mbaya. Kwa hiyo alisubiri midomo ifunguke, ifungwe, ifunguke tena, akatamka, "Walioafiki wameshinda," na kugonga. Kwa kazi hiyo masikio yalikuwa pambo, kama joho.

Mpaka juzi.

*

Mgeni alikuwa mdogo wake wa mwisho, fundi seremala, ambaye mtaa mzima ulimwita Randa. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kochi la serikali kama mtu anayeogopa kulichafua, unga wa mbao ukiwa bado kwenye nyusi zake. Spika alipoingia, Randa hakusimama.

"Shikamoo huipati leo," alisema.

Mke wa Spika alikuwa amekwisha kuchukua nafasi yake. Wageni wa nyumba ile walidhani ni heshima za kizamani, jinsi mama mwenye nyumba alivyopenda kusimama nyuma yao, mikono ikiwa mbele, akitazamana na mumewe. Kumbe alikuwa kazini. Kila mgeni alipotamka neno kwa kuinamisha uso au kuziba mdomo, yeye alilirudia bila sauti, midomo ikicheza polepole.

"Karibu, bwana mdogo," Spika alisema. "Hali ya karakana?"

"Unaniuliza hali ya karakana!" Randa alishika kichwa, akaongea na zulia. "Karakana umeiua juzi mbele ya macho yangu. Nilikuwa jukwaa la wageni, mimi na mafundi wenzangu wote wa kando ya reli. Tulikwenda kusikiliza muswada wenu wa kutufukuza ili mjenge maghala. Walioafiki wakasema ndiyo, kama watu wenye njaa. Wasioafiki wakasema siyo mpaka vioo vikatetemeka! Nikamkumbatia mwenzangu. Wewe ukainua nyundo, ukasema walioafiki wameshinda. Kaka, walikupa nini?"

Midomo ya shemeji yake ilikimbia nyuma yake bila sauti. Spika aliisoma, na uso wake ukabadilika rangi.

"Waliosema siyo ndio walikuwa wengi?" akauliza.

"Usinifanyie maigizo!" Randa aliinua kichwa. Akaona macho ya kaka yake yakiwa hayamtazami yeye, yanatazama juu ya bega lake. Akageuka ghafla. Shemeji yake alikuwa na mdomo wazi nusu, katikati ya neno "maigizo", kama mwanafunzi aliyekutwa na mkate chini ya blanketi.

"Shemeji, unafanya nini?"

"Nilikuwa… napiga miayo."

Randa aliwatazama wote wawili. Kisha akainuka, akaenda dirishani, akampa kaka yake mgongo, na kusema kwa sauti ya kawaida, "Kaka, jikoni kwako kunaungua."

Spika alikaa vizuri kwenye kiti, akakunja miguu. "Tutalifanyia kazi," alisema kwa upole.

Hakuna aliyecheka. Randa alirudi kwenye kochi, safari hii akakaa kwa uzito wake wote, na unga wa mbao ukabaki kwenye kitambaa.

"Tangu lini?"

"Miaka," shemeji yake alijibu.

"Na mimi nimepita mtaa mzima nikisema umehongwa," Randa alisema, sasa akimtazama kaka yake usoni na kutamka kila neno kama anayeongea na mtoto, jambo lililomuudhi Spika kuliko matusi yote.

"Endelea kusema hivyo," Spika akamjibu. "Aliyehongwa watu wanamwogopa. Kiziwi wanamsogezea kiti pembeni na kumpa uji."

"Kaka, mimi nina vijana sita wanaokula kwa ile karakana. Wake zao, watoto wao. Mashine ile ya kupasulia mbao haiwezi kuhamishwa, imejengewa sakafu. Wakibomoa, wanabomoa na sakafu." Akasogea mbele. "Imebaki kura moja?"

"Ijumaa. Kusomwa mara ya tatu. Ya mwisho."

"Waliosema siyo bado wapo. Watasema tena. Sikuombi uvunje sheria wala unipendelee kwa kuwa tumenyonya ziwa moja. Nakuomba kitu kimoja tu, kaka. Nakuomba usikie."

*

Kesho yake alikuja kiranja wa chama, yule mbunge ambaye kazi yake ni kuhakikisha wenzake wanapiga kura inavyotakiwa. Alikuwa na suti iliyombana na tabasamu lililomlegea. Mke wa Spika alimletea chai, akasimama mahali pake.

"Mheshimiwa Spika, nimetumwa nikushukuru," kiranja alisema. "Juzi ulituokoa. Bunge liliasi! Wakajificha kwenye kelele, kila mmoja anabweka siyo huku kafunika mdomo, utamjua nani? Nikasema tumekwisha. Wewe ukatamka walioafiki wameshinda, macho makavu, kama hujasikia kitu!" Akacheka mpaka kikombe kikagonga kisahani. "Hiyo ndiyo roho ya chuma. Mkubwa amesema kiti hicho ni chako hata baada ya uchaguzi. Na nyumba hii, na gari. Ijumaa fanya vilevile."

"Kanuni ziko wazi," Spika alisema, kwa kuwa halikumjia jibu lingine.

"Ndivyo tunavyokupendea!"

Kiranja alipoondoka, Spika alibaki akitazama chai ya mgeni iliyoachwa nusu. "Mtu mzima nimesifiwa kwa ugonjwa," alisema.

"Waambie," mkewe alisema. "Nenda useme, jamani, sisikii. Si kosa. Watu wanazeeka."

"Nikisema sisikii, wataniuliza tangu lini. Nikijibu tangu lini, watauliza ni sheria zipi zilizopita wakati huo. Ya kodi? Ya hospitali? Ya wale waliofungwa? Mama, huenda wasioafiki walishinda mara nyingine nami sikujua. Nitawajibu nini?"

Mkewe alikusanya vikombe, akaviweka tena mezani. Aliifikiria nyumba ile, ambayo hata pazia halikuwa lao. Akamfikiria Randa akiongea na zulia.

"Basi nitakusikilizia mimi," alisema.

"Vipi?"

"Nitakaa jukwaa la wageni, mstari wa mbele kabisa, mkabala na kiti chako. Ndiyo wakishinda, nitatulia. Siyo wakishinda, nitavua miwani."

Spika akacheka, kicheko kifupi cha mtoto anayepanga kuruka ukuta wa shule. "Bunge zima," alisema, "linasubiri miwani ya mke wangu."

*

Ijumaa jukwaa lilijaa mafundi. Walikuja na mashati yao mazuri, wakakaa wima, mikono magotini, kwa sababu askari wa mlangoni aliwaambia atakayekohoa kwa makusudi atatolewa. Randa alikaa kando ya shemeji yake. Chini yao wabunge walipiga makofi, wakapiga meza, wakapiga porojo. Spika aliingia nyuma ya siwa, lile rungu la heshima la Bunge, joho likiburuta sakafuni, na kila mtu akasimama. Ilikuwa picha nzuri. Mtu asiyejua angedhani nchi iko salama.

Majadiliano yalikuwa mafupi. Kisha Spika akainuka.

"Wanaoafiki muswada huu waseme ndiyo."

"Ndiyo!" ilisikika, ya haraka na ya utiifu.

"Wasioafiki waseme siyo."

Mke wa Spika alikuwa amejiandaa kusikiliza kwa makini, lakini hapakuhitaji makini. Siyo ilipanda kutoka viti vya nyuma, ikapita chini ya meza, ikagonga dari. Pale chini yake kabisa, mbunge mmoja mwenye kifua kama pipa alikuwa ameinamisha kichwa kana kwamba anasoma, huku siyo ikimtoka kwa kishindo cha ngoma. Randa alimshika shemeji yake mkono. Hakuhitaji kumbana, miwani ilikuwa imekwisha kutoka usoni.

Spika aliinua macho, akaona.

"Wasioafiki…" alianza, mkono ukienda kwenye nyundo. "Wasioafiki wame…"

"Kuhusu utaratibu, Mheshimiwa Spika!"

Angeweza kugonga. Hakumsikia anayeita, nyundo ilikuwa mkononi na neno lilibaki nusu. Lakini kiranja alikuwa amekwisha kukimbia mpaka katikati ya ukumbi, mbele ya macho yake, mikono juu, na Spika, aliyezoea kufuata midomo popote ilipofunguka, akaisoma. Nyundo ikabaki hewani.

"Mheshimiwa Spika, umetazama jukwaani kabla ya kutamka," kiranja alisema. Lile tabasamu lilikuwa limekwisha. "Mama pale amevua miwani, nawe ukabadilisha msimamo wako wa juzi. Tungependa kujua, kwa heshima zote: Bunge hili linaongozwa na kiti au na miwani?"

Kicheko kilizuka, meza zikapigwa. Wabunge wote wakageuka kutazama juu. Mke wa Spika aliirudisha miwani usoni, ikaikosa pua, ikaanguka mapajani. Hakuwahi kutazamwa na watu wengi kiasi kile bila kukaribishwa.

Spika aliiweka nyundo chini taratibu. Akashika kingo za meza, na mkewe akajua atakachosema kabla hajakisema.

"Waheshimiwa," alisema, "mimi sisikii."

Baadhi waliendelea kucheka, wakidhani ni mzaha wa mzee.

"Sisikii kitu. Sikuisikia kura hii, wala ile ya juzi. Nimemwomba mke wangu anisikilizie. Nilimchagua yeye kwa sababu hana chama. Nimewakosea. Kama mnanijibu kitu sasa hivi, mtaniwia radhi."

Hakuna aliyekuwa akimjibu. Ukumbi wote ulinyamaza, na mkewe alitamani kumwonyesha kwa mikono kwamba ni kimya tu, kwamba hawamzomei. Hakujua kimya kinaonyeshwaje.

Kiranja hakupewa ile kazi kwa sababu ya suti. Aliinamisha kichwa kwa huzuni ya kutosha, kisha akasogea karibu na meza na kutamka polepole, kwa adabu kubwa. "Pole sana, Mheshimiwa. Sote tumeguswa. Lakini haina shida. Spika asipokuwa na uhakika na sauti, utaratibu unamruhusu awasimamishe wabunge, wahesabiwe kwa macho. Macho yako hayana tatizo?"

"Macho yangu ni mazima!" Spika alisema, na uso wake ukafunguka. Alionekana kama mtu aliyesamehewa.

"Ohoo, shemeji," Randa alinong'ona. "Imekuwa bora zaidi. Sasa wataonekana."

Kiranja aligeuza kiti chake kikatazama nyuma, kuelekea kwa wabunge. Akakaa, akatoa kalamu, akaweka mguu juu ya mguu, kama kiranja wa zamu anayengoja kuandika majina ya wapiga kelele.

"Wanaoafiki wasimame."

Viti viligongana. Walisimama mistari kwa mistari, wengine wakiwahi kabla ya majirani zao, wengine wakivuta koti la jirani ili naye ainuke.

"Kaeni. Wasioafiki wasimame."

Alisimama mama mmoja mzee mwenye fimbo, kutoka kona ya kushoto. Akasimama kijana aliyekuwa mgeni bungeni, akatazama huku na huku, akakaa nusu, akasimama tena. Na hao ndio walikuwa wote.

Mke wa Spika aliinama kumtafuta yule mwenye kifua kama pipa. Alikuwa chini ya meza, anafunga kamba ya kiatu. Kiatu chenyewe hakikuwa na kamba.

"Simameni!" Randa alipiga kelele. "Si mlisema siyo? Nimewasikia! Wewe mnene, nimekusikia!"

Askari walikuwa wanashuka ngazi za jukwaa. Kule chini Spika alisubiri. Alisubiri kupita utaratibu, macho yakitembea kiti kwa kiti, na kila alipofika, kichwa kiliinama. Karatasi zilipangwa, miwani ikafutwa, simu zikakaguliwa. Mwisho mama mwenye fimbo akachoka, akakaa.

"Walioafiki wameshinda," Spika alisema. Akagonga nyundo.

Safari hii hakukosea.

Askari walikuwa wamemshika Randa mikono yote miwili. Hakupigana nao. Alingoja mpaka kaka yake akainua macho, ndipo akasema polepole, kwa midomo iliyofunguka vizuri, "Ungegonga tu, kaka."

*

Jioni gari la serikali liliwashusha mlangoni na kuondoka bila dereva kuuliza saa ya kesho. Simu ya mezani ililia, ikanyamaza, ikalia. Mke wa Spika hakuipokea. Alimfuata mumewe jikoni, akawasha taa, akachemsha chai ambayo hakuna aliyekuwa na hamu nayo.

Spika alikaa kwenye kiti cha jikoni na joho lake magotini. Alisahau kulivulia bungeni, na hakuna aliyemkumbusha.

"Randa alisema nini pale mwisho?" aliuliza.

Mkewe alikoroga sukari. "Amesema umejitahidi. Anajua umejitahidi."

Spika alikunja joho mara moja, akalikunjua.

"Mama, nilikuwa namtazama," alisema. "Alikuwa mbali lakini mchana ulikuwa mweupe. Nilimsoma mwenyewe. Nimekuuliza ili tu tulie pamoja."

Kijiko kikasimama ndani ya kikombe.

"Kwa nini umebadilisha?"

"Ulikuwa umeshaumia vya kutosha."

"Na mengine?"

"Mengine yapi?"

"Miaka yote hii. Watu wakinisemea pembeni, wakinijia msongamano, sioni midomo, nakutazama wewe. Yule kijana aliyepenya mpaka nilipo, siku tunafungua hospitali. Walinzi walimvuta shati. Uliniambia amesema 'Uishi miaka mingi, Mheshimiwa.' Nikampa mkono." Alimtazama bila kupepesa. "Alisema hivyo?"

Mkewe alizima jiko. Alitazama mlango, kana kwamba kuna mgeni anayeweza kuingia na kumwokoa.

"Hakusema hivyo," alisema.

"Na wale kina mama wa sokoni?"

"Hapana."

"Na wazee wa jimboni, mwaka jana?"

"Nao hapana, Baba. Karibu wote hapana." Machozi yalikuwa yanamtoka lakini hakuyafuta, kwa kuwa mikono ingeziba mdomo. "Ilianza na neno moja. Mtu alikuita mwizi mbele ya watu, nikakwambia amekusalimu. Ulitabasamu vizuri sana siku ile. Nikaona, mbona ni rahisi."

Simu ililia tena sebuleni. Aliisikia peke yake.

Spika alisogeza kikombe pembeni. Akavuta kiti cha pili, akakiweka mbele yake chini ya taa, mahali ambapo uso wa mtu huonekana wote.

"Kaa hapa," alisema. "Anza na yule kijana."

Akakaa. Akafuta midomo kwa upindo wa kitambaa chake ili isomeke.

"Alisema mama yake alifia kwenye foleni, kwa sababu hawakuwa na ile ada mpya. Akasema wewe ndiye uliyeipitisha."

"Na mimi nilimjibu nini?"

"Ulimshukuru."

Spika aliinamisha kichwa, akakumbuka kwamba akiinama hataona, akakiinua.

"Endelea," alisema.